Marufuku ya Kusafirisha Akili Ghafi

Nchi yetu siitaji jina, maana kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi ya kutoa vibali bado haijafunguliwa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bahari upande mmoja na wadai upande wa pili.

Kuna watu wabaya husema wasomi wetu walikimbia. Si kweli. Walisafiri wakachelewa kurudi, na serikali imelifafanua jambo hilo mara nyingi redioni. Walianza kuchelewa mafundi wa umeme, tukazoea giza. Wakafuata walimu wa hesabu, na tangu hapo bajeti ya nchi imekuwa ikisomwa bungeni bila bughudha yoyote, kwa sababu hakuna tena mtu wa kuijumlisha. Kisha wakachelewa madaktari. Hapo wakubwa walishtuka kidogo. Hawakushtuka kwa ajili yao, wao hutibiwa nje. Walishtuka kwa ajili ya sifa ya taifa.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Akili na Mapato, akapewa Mheshimiwa Gaudensi Mapulizo, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti inayofika kabla yake. Siku ya kuapishwa alisimama uwanjani akasema maneno ambayo watoto wetu sasa huyakariri shuleni.

"Ndugu wananchi! Tumesafirisha pamba ghafi, tumesafirisha ngozi ghafi, tumesafirisha korosho ghafi, na tumebaki maskini! Sasa tunasafirisha nini? Akili ghafi! Mtu tumemsomesha, tumemlisha maharage ya bweni, kichwa kimeanza kuiva, anapanda ndege! Haikubaliki! Kuanzia leo hakuna akili itakayovuka mpaka huu bila kuongezwa thamani!"

Tulipiga makofi sana. Kijana mmoja aliuliza akili huongezwaje thamani. Akaambiwa swali lake lilionyesha kwamba anazo nyingi, akachukuliwa jina.

Uwanja wa ndege ukawekwa Dawati la Elimu. Ofisa aliyekaa pale alikuwa na mhuri, na gazeti alilompa kila msafiri likiwa juu chini. Aliyeligeuza alikuwa msomi, na alirudishwa nyumbani. Hapo ndipo nchi yetu ilipopata maprofesa wengi walioapa kwamba waliishia darasa la pili. Mmoja wao, mwalimu wa historia, alikaribia kabisa kupita. Alilishika gazeti vilevile juu chini, akatikisa kichwa kama anayeangalia picha za mpira. Bahati mbaya akaona kosa la tahajia kwenye kichwa cha habari, akashindwa kujizuia, akafyonza. Alirudishwa chuo kikuu, anafundisha viti mpaka leo.

*

Ninayetaka kumsimulia ni Dakta Perpetua Lukindo, daktari wa usingizi wa Hospitali Kuu. Kama hujawahi kupasuliwa, daktari wa usingizi ndiye anayekulaza usisikie kisu, akakulindia pumzi, kisha akakuamsha. Wenzake wote walikuwa wamechelewa kurudi. Mpasuaji alibaki mmoja, mzee wa watu, na bila Perpetua mzee yule asingeweza hata kutoa kidole tumbo.

Mumewe, Evarist, mhandisi wa maji, alitangulia nje kabla ya marufuku, pamoja na binti yao Koku, mtoto wa miaka sita. Perpetua alibaki ili akabidhi kazi. Akatafuta mtu wa kumkabidhi mpaka marufuku ikamkuta. Wakati huo mishahara ya hospitali ilikuwa ikilipwa kwa saruji, kwa sababu serikali ilikuwa imeagiza saruji nyingi ya kujengea sanamu na haikuagiza fedha. Sebule ya Perpetua ilijaa mifuko, wageni walikaa juu yake.

Basi akaamua kuondoka. Alivaa kanga na kandambili, akafunga nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, akaenda uwanjani akisema yeye ni dada wa kazi anayekwenda kulea mtoto wa watu ng'ambo. Kwa upande wa kulea mtoto hakusema uongo.

"Umesoma mpaka wapi?" ofisa alimwuliza.

"Sikubahatika, bosi."

Alipewa gazeti juu chini. Akalitazama hivyohivyo, akamwuliza ofisa kama ni la bure, maana lingefaa kufungia sabuni. Ofisa akacheka. Akaunyanyua mhuri.

Nyuma yake kwenye foleni kulikuwa na bibi mmoja aliyesimama tangu alfajiri kwenye joto, maana viyoyozi vya uwanja vilikuwa vimeazimwa kwa ajili ya nyumba ya mkurugenzi. Bibi yule akaanguka chini kama gunia. Watu wakapiga kelele, wakamzunguka, mmoja akaanza kumwombea dua. Perpetua aliutazama mhuri. Ulikuwa bado hewani. Alisema baadaye kwamba alijiambia asigeuke, lakini alikuwa amekwishapiga magoti.

"Sogeeni, mnamzibia hewa! Wewe kaka, inua miguu yake. Bibi, unanisikia? Nani yuko naye? Ana sukari?"

Alimgeuza kichwa, akamnyanyua kidevu, akamshika mkono. Baada ya muda bibi akafumbua macho, akauliza kama ndege imeondoka. Foleni nzima ikapiga makofi. Ofisa akaja, akachuchumaa karibu nao kwa upole.

"Dada wa kazi," alisema, "mapigo ya moyo yakoje?"

"Yanakwenda mbio, lakini yamepangika, ni maji tu yamempungukia," Perpetua alijibu, kabla ya kujisikia mwenyewe.

Bibi aliruhusiwa kusafiri. Hakuwa amesoma.

*

Serikali yetu si katili. Perpetua hakufungwa, alitunukiwa. Alivishwa nishani, akatangazwa kuwa Hazina ya Taifa, akahamishiwa nyumba nzuri nyuma ya Wizara, yenye ukuta mrefu, pamoja na saruji yake. Pasipoti yake ikawekwa Wizarani isije ikapotea. Kwa kuwa hazina haitembei ovyo, akapewa askari wa kumlinda, Koplo Sijaona, mtu mrefu, mpole, aliyeona aibu tangu siku ya kwanza.

"Usinichukie, Dakta," alimwambia getini. "Mimi nimeambiwa nilinde. Ningepangiwa tanki la maji, ningelinda tanki."

"Heri ungelinda tanki," alisema Perpetua. "Chumba cha upasuaji hakina maji tangu juzi."

Kila asubuhi koplo alimsindikiza hospitali, akasimama kwenye kona ya chumba cha upasuaji na bunduki yake, amevikwa gauni la kijani na kofia ya kitambaa. Siku moja umeme ukakatika tumbo la mgonjwa likiwa wazi, mashine ya kupumulia ikanyamaza. Sista alikuwa ameshika tochi, mzee mpasuaji ameshika utumbo.

"Sijaona! Weka bunduki, njoo!" Perpetua alimtia mkononi mfuko wa kupumulia. "Kamua. Achia. Usiwe na haraka. Fuata pumzi zako mwenyewe."

Sijaona alikamua mpaka mikono ikamfa ganzi. Mgonjwa aliamka. Tangu siku hiyo koplo alianza kumwuliza maswali njiani, na Perpetua akawa anamfundisha, na ndiyo sababu siku zingine walichelewa kufika nyumbani na kuandikiwa onyo.

Jumapili Hazina iliruhusiwa kupiga simu, mbele ya ofisa msikilizaji.

"Mama, huku mvua inaanguka nyeupe," Koku alimwambia. "Unakuja lini?"

"Nikimaliza kazi, mwanangu."

"Kazi inaisha lini?"

Ofisa msikilizaji akakohoa. "Hilo ni swali la kisera," alisema, akakata simu.

Perpetua alibaki ameshika mkono wa simu sikioni. Sijaona aliyekuwa mlangoni akageuka akatazama ukuta, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mrefu, alikuwa na mengi ya kutazama.

*

Siku ya Akili ikafika. Sanamu ya saruji ilikuwa tayari katikati ya mji: ubongo mkubwa kuliko nyumba, umepakwa rangi ya kijani kwa kuwa rangi nyingine haikuwapo bohari. Wakulima waliotoka mbali walidhani serikali imewakumbuka, wakaipigia makofi kabichi yao. Fedha zake zilitoka kwenye fungu la mtambo wa oksijeni wa Hospitali Kuu, na jenereta la hospitali liliazimwa kwa ajili ya vipaza sauti.

Perpetua alikalishwa jukwaani na nishani yake. Mheshimiwa Mapulizo alikuwa amefika kwenye sehemu ya hotuba inayohusu huduma bora kwa mama na mtoto, Sijaona alipomwinamia sikioni. Uso wa koplo ulikuwa umepauka kama majivu.

"Dakta, ni Zaituni, mke wangu. Yuko leba tangu jana. Mtoto amekwama. Mzee amesema apasuliwe, lakini hakuna wa kumlaza, na umeme hakuna."

Perpetua akasimama. Mtu wa itifaki akamkalisha.

"Hazina haiondoki kabla ya Mheshimiwa."

Akasimama tena, akaenda mpaka kwenye meza ya hotuba mbele ya umati wote, akamnong'oneza Waziri. Mheshimiwa akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Mwanamke mmoja?" alisema, akishangaa kweli. "Dakta, mimi hapa nina taifa zima!"

"Atakufa, Mheshimiwa."

"Hotuba imebaki kurasa chache. Kaa, wanatupiga picha."

Perpetua hakukaa. Alishuka ngazi za jukwaa, na askari wawili wakamzibia njia. Hapo Sijaona, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumjibu mkubwa, akapiga saluti.

"Afande, amri yangu ni kutoiacha Hazina peke yake. Hazina inakwenda hospitali. Nami nakwenda nayo."

Wakati wakubwa wakitafakari amri hiyo, ambayo kweli ilikuwa yao, koplo alikwenda nyuma ya jukwaa, akazima jenereta, akalipakia kwenye gari la polisi kwa msaada wa vijana waliodhani ni sehemu ya ratiba. Mheshimiwa aliendelea kufungua na kufunga mdomo bila sauti mpaka mwisho. Wengi tuliisifu sana sehemu ile ya hotuba.

Hospitali waliwasha taa. Perpetua akamlaza Zaituni, mzee akakata, Sijaona akakamua mfuko machozi yakimshuka ndani ya barakoa. Mtoto alitoka amelegea, wa rangi ya bluu. Sista akamsugua, akampuliza, kimya. Akampuliza tena. Kisha kikatoka kilio chembamba, cha hasira, na mzee mpasuaji akasema bila kuinua kichwa, "Huyu ana kesi na mtu." Alikuwa wa kike. Zaituni aliamka akauliza nani amezima redio, maana wagonjwa wote walikuwa wakiisikiliza hotuba.

Sijaona alikamatwa palepale wodini, kwa kosa la kuiba umeme wa hotuba ya taifa.

*

Wakati huohuo Hazina nyingine, ile ya fedha, ilikuwa imekauka. Wadai walikuwa wamefika hadi sebuleni. Mheshimiwa Mapulizo akafunga ofisi kwa siku kadhaa akafikiri, na alipotoka alikuwa na jibu: wataalamu wakodishwe.

"Kukodisha si kuuza," alitueleza redioni. "Na akili ikishaingia kwenye mkataba si ghafi tena. Imeongezwa thamani!"

Sasa tukaelewa. Mshahara ungelipwa serikalini, na mtaalamu angepata posho ya chakula huko aliko na saruji nyumbani. Nchi ya kwanza kukodi ilikuwa ileile aliyoko Evarist, na hospitali ya kwanza ni ileile ya ng'ambo iliyokuwa imemwahidi Perpetua kazi kabla ya marufuku.

"Sasa unaona?" Waziri alimwambia. "Ulitaka kwenda kwa kujificha na kandambili. Serikali yako inakupeleka kwa heshima. Ila nahitaji mdhamini. Ukitoroka, afungwe yeye."

"Nani atakubali kunidhamini?"

"Amekwishakubali. Tulimwambia ndiyo njia pekee ya kutoka rumande."

Sijaona aliletwa amekonda, akatia saini mbele yake. Hakumtazama. Alipomaliza akasema tu, "Ukiona inafaa kutobaki mikononi mwao, Dakta, usiniangalie mimi."

Kwa kusema vile alimfunga kuliko pingu.

*

Evarist na Koku walimpokea uwanjani, wakamkumbatia muda mfupi, ofisa wa ubalozi akawatenganisha kwa adabu. Hazina iliishi ghorofa ya juu ya ubalozi. Familia iliruhusiwa kuitembelea Jumapili, sebuleni, chini ya picha ya Rais. Ofisa alikaa katikati yao kwenye kochi na kalamu yake. Koku alikuwa ameanza kuchanganya lugha, na kila aliposema neno la kigeni ofisa alimwomba amtafsirie, naye alimtafsiria kwa uvumilivu kama mwalimu.

Siku moja Evarist alimfuata mkewe kwenye korido ya hospitali, amevaa koti la mfagizi.

"Mlango wa nyuma uko wazi. Gari liko nje, Koku yumo. Tukifika kituo cha polisi cha huku, ubalozi hauwezi kukugusa. Twende, Perpetua!"

"Na Sijaona?"

"Mimi simjui Sijaona! Namjua mwanangu, anayelala na kanga yako!"

Perpetua aliegemea ukuta. Alitaka kwenda. Miguu yake ilikuwa imekwishaelekea mlangoni.

"Ana mtoto mchanga," alisema mwishowe. "Nimemsikia akilia mara ya kwanza, Eva. Nitamwambiaje baba yake afie ndani ili mimi nile chakula na wangu?"

Evarist akavua koti la watu, akalikunja vizuri, akaondoka bila kufunga mlango.

*

Haikupita muda, Mheshimiwa Mapulizo akaletwa hospitalini hapo, na ujumbe wa wapambe, kwa ajili ya mawe kwenye nyongo. Alifurahi sana kumwona Perpetua chumba cha upasuaji.

"Mtoto wa nyumbani! Sasa nimetulia."

"Upasuaji huu hata nyumbani hufanyika, Mheshimiwa."

"Ungefanyika vipi? Nyumbani hakuna daktari wa usingizi."

Waziri akaitazama taa kubwa juu yake, mashine, vyuma, na ile sauti yake inayofika kabla yake ikapotea kabisa.

"Dakta. Nitaamka?"

"Utaamka."

"Sikukosea sana kwako, sivyo?"

"Vuta pumzi ndefu, Mheshimiwa."

Kila mtu anayesikia kisa hiki huuliza hapa kama hakushawishika. Naye huwajibu kwamba hakuwa na nafasi, alikuwa anatazama pumzi. Alimlinda Waziri kama alivyomlinda Zaituni. Mawe yalitoka salama, na Mheshimiwa akaamka.

Neno lake la kwanza lilikuwa maji. La pili lilikuwa, "Nimesema nini?"

"Lini?"

"Nilipokuwa nimelala. Watu husema mambo. Nimetaja majina? Nimetaja benki?"

"Hukusema kitu. Ulikuwa na mpira kooni, usingeweza kusema."

Mheshimiwa alimkazia macho. Katika maisha yake ya uongozi hakuwahi kuambiwa hakuna kitu na kweli pasiwe na kitu.

"Vizuri," alisema polepole. "Unajua kutunza siri. Mtu kama wewe hafai kukaa mbali na serikali."

Mkataba ukavunjwa siku hiyohiyo, na hospitali ikalipwa fidia iliyozidi kodi yote iliyokwishapatikana. Perpetua alipandishwa ndege ya Waziri bila kumuaga Koku, kwa sababu haikuwa Jumapili. Njia nzima alikaa karibu na kitanda cha Mheshimiwa, akimpima presha.

Sisi tulikuwa uwanjani tangu asubuhi, tumepewa bendera na soda ya kugawana. Redio ilikuwa imetangaza kwamba anawasili mtaalamu wa kwanza kurudi nyumbani kwa hiari, matunda ya sera. Bendi ikapiga. Mheshimiwa alishushwa kwa kiti cha magurudumu, akapewa kipaza sauti, akaanza kulihutubia taifa kuhusu uzalendo. Perpetua alisimama nyuma yake kwenye ngazi za ndege, shada la maua shingoni, akitazama mbali kuliko sisi.

Koplo Sijaona, aliyerudishiwa lindo lake, alipanda ngazi akapiga saluti. Kila mmoja alimtazama mwenzake kama mtu anayetaka kuomba radhi na hajui aanzie wapi.

"Dakta," Sijaona alisema kwa sauti ya chini, "kuna mama mezani. Mzee anakusubiri wewe tu. Gari nimelileta nyuma, hawatatuona."

Perpetua akavua maua, akayaning'iniza kwenye chuma cha ngazi.

"Oksijeni ipo?"

"Ipo ya kuanzia," alisema Sijaona.